Kisumu Isisubiri SGR, Treni ya Muhoroni Ianze Sasa

Mtu anayetaka kusajili gari jijini Tokyo huulizwa kwanza atalilaza wapi. Tangu 1962, sheria ya Japani inamtaka mwenye gari athibitishe kuwa ana mahali pa kuliegesha nje ya barabara ya umma, na cheti cha kuthibitisha hilo hutolewa na polisi. Kukodi mahali hapo katikati ya jiji ni gharama ya kila mwezi. Mwananchi akijumlisha mafuta, ada za barabara kuu na saa zinazopotea kwenye foleni, kisha akaitazama stesheni iliyo mwendo mfupi kwa miguu kutoka nyumbani kwake, gari linamshinda. Anapanda treni.

Nchini Kenya, Wajapani husifiwa sana kwa usafi na kwa kujali mazingira. Mashabiki wao wakiokota taka uwanjani baada ya mechi ya Kombe la Dunia, picha husambaa na watu husema wenzetu wamelelewa vyema. Malezi yapo. Wanafunzi wa shule za Japani hufagia madarasa yao wenyewe, na mtu mzima aliyenunua chakula njiani hurudi na taka zake nyumbani, kwa sababu mapipa ya taka ni machache barabarani na kwenye stesheni. Hata hivyo, anayemaliza maelezo kwenye malezi huwa ameacha sehemu kubwa ya habari. Nyuma ya tabia hizo kuna sheria, ratiba na nauli zilizopangwa hivi kwamba mtu anayehifadhi mazingira ndiye anayefika mapema na kutumia fedha kidogo.

Jambo hilo linauhusu mji wa Muhoroni, katika Kaunti ya Kisumu, moja kwa moja, kwa sababu Muhoroni ina reli.

Reli iliyotoka Mombasa ilifika ufukweni mwa Ziwa Victoria tarehe 20 Desemba 1901, mahali ambapo Waingereza walipaita Port Florence na ambapo leo ni Kisumu. Kabla ya kufika huko ilishuka kutoka Londiani na Fort Ternan, ikapita Koru na Muhoroni, ikafuata nyanda za Kano chini ya milima ya Nandi kupitia Chemelil, Kibigori, Miwani na Kibos. Miwa ikaifuata. Kiwanda cha Miwani, cha kwanza cha sukari nchini Kenya, kilianzishwa 1922. Vya Chemelil na Muhoroni vikaja katika miaka ya 1960. Ni nadra kupata ukanda mwingine wa mashambani nchini wenye miji, viwanda na stesheni zilizopangana hivi kwenye mstari mmoja, kwa umbali wa kilomita 50 hivi kutoka Muhoroni hadi ziwani.

Katika ukanda huo, mwuguzi, karani, mwanafunzi, mgonjwa anayekwenda hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga na mama anayepeleka ndizi soko la Kibuye hawaendi Kisumu kwa treni. Huamka usiku kutafuta matatu. Mvua ikinyesha wanapigana na matope, na msimu wa mavuno wanakwama nyuma ya matrekta yanayovuta miwa. Anayeshuka Kondele au kwenye stendi kuu hulipa tena boda boda au tuktuk ili afike kazini. Pembeni mwa safari hiyo yote zimelala reli, mahali pengi zikiwa tupu kuanzia asubuhi hadi jioni.

Hazikuachwa hivyo kwa kukosa ukarabati. Njia ya Nakuru hadi Kisumu, yenye kilomita 217, ilifanyiwa matengenezo makubwa kwa mabilioni ya shilingi, huku vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa na wanajeshi wakishiriki kazi hiyo. Desemba 2021 treni ya abiria ikarejea Kisumu kutoka Nairobi, na watu wengi wakaifurahia. Lakini ilipangwa kuwa treni ya wikendi, ya msafiri anayetoka jiji kuu kwenda kusalimia wazazi au kuhudhuria mazishi. Haikuwekwa kwa ajili ya mkazi wa Chemelil anayetakiwa kuwa kazini Kisumu saa mbili asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa. Fedha za umma zilikwisha kutumika kwenye njia. Kilichokosekana ni treni ya wenyeji.

Kila hoja hiyo inapotolewa, jibu huwa lile lile: subirini SGR, reli mpya ya upana wa kimataifa. Reli ya zamani ni nyembamba, ni ya mkoloni, imepitwa na wakati. Reli mpya itatoka Naivasha hadi Kisumu na Malaba, na hapo ndipo usafiri wa kisasa utaanza. Jibu hilo linavutia, na ndilo linalofanya miaka ipite. Lina kosa moja kubwa, na anayeijua Tokyo ataliona mara moja.

Reli ya kwanza ya Japani, kati ya Shinbashi na Yokohama, ilifunguliwa 1872. Upana kati ya vyuma vyake ulikuwa milimita 1,067. Nchi ikakua, treni za umeme zikaja, miji ikajaa watu, na upana huo ukabaki. Treni za Yamanote, zinazozunguka katikati ya Tokyo kwenye duara la kilomita 34.5 na stesheni 30, mpaka leo hupita kwenye vyuma vya upana huo huo. Ni miongoni mwa zinazohudumia Shinjuku, stesheni inayotajwa kuwa yenye shughuli nyingi kuliko zote duniani, inayopitiwa na mamilioni ya watu kwa siku. Treni za kasi za Shinkansen, zilizoanza Oktoba 1964 kati ya Tokyo na Osaka, zilijengewa njia pana ya peke yake, lakini mamilioni wanaokwenda kazini kila asubuhi hawapandi Shinkansen. Wengi wao wanabebwa na reli nyembamba.

Reli ya Muhoroni ina upana wa milimita 1,000. Tofauti na ile ya Yamanote ni milimita 67, chini ya upana wa kiganja. Haiwezekani tofauti hiyo iwe ndiyo sababu ya mkazi wa Miwani kukosa treni.

Ushahidi mwingine uko karibu zaidi. Nairobi ilifungua stesheni ya Syokimau Novemba 2012 na kuanza kuwaleta wafanyakazi jijini kwa treni. Mwaka 2020 ikaongeza treni ndogo zenye injini ndani ya mabehewa yenyewe, zilizonunuliwa zikiwa zimetumika katika kisiwa cha Mallorca nchini Uhispania, ambako reli nazo ni za mita moja. Dar es Salaam ilifanya vivyo hivyo kwa njia yake Oktoba 2012, ilipoweka treni za abiria wa mjini kwenye reli za zamani za TRL na TAZARA. Wananchi waliipa huduma hiyo jina la treni ya Mwakyembe, kwa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Harrison Mwakyembe. Hakuna reli mpya iliyongojewa. Kilichotangulia kilikuwa uamuzi wa kuziweka treni hizo kwenye vyuma vilivyokuwapo, kwa saa zinazomfaa mfanyakazi.

Faida kwa mazingira inaweza kupimwa. Kwa hesabu za wizara ya uchukuzi ya Japani, kumsafirisha mtu mmoja kilomita moja kwa gari la binafsi hutoa takriban gramu 130 za hewa ya ukaa. Kwa reli ni kama gramu 20. Takwimu hizo ni za nchi ambayo treni zake nyingi zinatumia umeme na hujaa watu, kwa hiyo haziwezi kuhamishiwa Kano kama zilivyo. Treni ya dizeli inayokimbia nusu tupu haiokoi kitu kikubwa. Ikijaa, hesabu inabadilika: abiria 420 katika treni moja ni matatu 30 za viti 14 zilizoondolewa barabarani asubuhi hiyo, pamoja na moshi, honi na hatari ya ajali.

Zaidi ya hapo, Kenya ina utajiri ambao Japani haina. Karibu asilimia 90 ya umeme wa gridi ya Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Japani bado hupata sehemu kubwa ya umeme wake kwa kuchoma makaa ya mawe na gesi inayoagizwa kutoka nje. Treni ya umeme ikitembea siku moja kati ya Muhoroni na Kisumu, itakuwa safi kuliko ile ya Tokyo. Tanzania imekwisha kuonyesha kuwa jambo hilo halihitaji kusubiri karne nyingine: tangu 2024 treni zake za umeme zinabeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Dodoma. Kwa Muhoroni, dizeli ni hatua ya kwanza inayokubalika, mradi umeme uwekwe kwenye mpango tangu mwanzo.

Anayedhani kuwa uhifadhi ni jambo geni kwa watu wa Muhoroni aulize wenyeji. Makapi ya miwa huchomwa kwenye matanuri ya viwanda kutoa mvuke na umeme, na vilele vya miwa hulishwa ng'ombe. Katika miaka ya 1980, kiwanda cha Agro-Chemical and Food mjini Muhoroni kilitengeneza ethanoli kutokana na molasi, na ethanoli hiyo ikachanganywa na petroli iliyouzwa kwa madereva nchini. Huo ulikuwa mpango wa nishati mbadala uliotangulia nchi nyingi. Ulififia katika miaka ya 1990, wala si kwa sababu wakazi walikataa. Mpangilio wa bei na sera haukuubeba.

Wangari Maathai aliona mapema kwamba Mkenya na Mjapani wana jambo la kuzungumza. Alizuru Japani Februari 2005, miezi michache baada ya kutunukiwa Nobel ya Amani, akavutiwa na desturi ya kutopoteza kitu chenye manufaa. Akaipeleka kwenye mikutano ya kimataifa, mkononi akiwa na kitambaa cha furoshiki ambacho Wajapani hufungia mizigo. Kitambaa hicho hufanya kazi ambayo leso imefanya siku zote mikononi mwa akina mama wa Kibuye na Ahero.

Miaka kumi na miwili baadaye, Kenya ikatoa somo lake yenyewe. Tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza, na adhabu yake ilifika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka minne. Kabla ya hapo, kampeni za kuwasihi wananchi waache mifuko zilikuwa zimefanywa kwa miaka na matunda yake yalikuwa haba. Sheria ilipomgusa mtengenezaji, mwagizaji na muuzaji kwa pamoja, mitaa ya Kisumu ilibadilika katika muda wa miezi. Watu ni wale wale na malezi ni yale yale. Kilichobadilika ni mpangilio wa soko.

Hata mji wa Kamikatsu, katika kisiwa cha Shikoku, una historia ya namna hiyo. Unajulikana duniani kwa wakazi wake wanaochambua taka katika mafungu zaidi ya 40. Tabia hiyo haikutoka hewani. Mji ulilazimika kufunga matanuri yake ya kuchomea taka kwa sababu hayakufikia viwango vipya vya usalama, nao haukuwa na fedha za kujenga mengine. Mwaka 2003 ukatangaza lengo la kutobakiza taka. Wakazi huleta taka wenyewe kwenye kituo kimoja, na watu wamezoea. Kenya ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inayotaka taka zitenganishwe nyumbani. Lakini mwananchi aliyetenganisha taka zake, kisha akaona gari la kuzoa likizichanganya tena, hawezi kulaumiwa akiacha.

Japani yenyewe ina mapungufu yake, na ni haki yatajwe. Ni miongoni mwa nchi zinazotumia vifungashio vingi zaidi vya plastiki kwa kila mtu, na sehemu kubwa ya taka zake huchomwa. Treni za asubuhi Tokyo hubanana kiasi cha kuwa na mabehewa ya wanawake peke yao, ili kuwakinga na wanaowashikashika. Vijijini, ambako watu wanapungua, njia kadhaa za reli zimefungwa. Muhoroni haina haja ya kuiga hayo. Yanayofaa kuigwa ni mambo matatu: saa zisizobadilika, tikiti ya mwezi, na safari inayoanza mlangoni na kuishia kazini bila kukatika.

Saa ndizo za kwanza. Mfanyakazi haachi matatu aliyoizoea kwa sababu ya treni isiyojulikana itafika lini. Treni mbili asubuhi na mbili jioni, zikisimama Koru, Muhoroni, Chemelil, Kibigori, Miwani na Kibos, zikifika kwa saa iliyoandikwa ukutani, zitapata abiria. Treni moja inayofika wakati wowote haitawapata, hata nauli ikiwa ya chini.

Pili ni tikiti ya mwezi. Ni kawaida kwa waajiri wa Japani kulipia nauli ya mfanyakazi, na wengi hununua pasi ya muda mrefu kati ya stesheni ya nyumbani na ya kazini. Watumishi wa umma na walimu wa Kenya tayari hupewa marupurupu ya usafiri kwenye mishahara yao. Shirika la Reli likiuza tikiti ya mwezi kwa M-Pesa, kwa bei iliyo chini ya jumla ya nauli za kila siku, fedha hizo zitakuwa na mahali pazuri pa kwenda.

Tatu ni mlango hadi mlango, na hapo ndipo wenye boda boda na matatu wanapoingia. Hofu yao kwamba treni itawanyang'anya riziki inastahili kujibiwa kwa heshima. Treni haifiki Songhor, Tamu wala Awasi. Abiria wake wote watahitaji kuletwa stesheni na kuchukuliwa huko, na wakifika kwa mamia kwa saa moja inayojulikana, mwendesha boda boda atakuwa na wateja asiolazimika kuwatafuta. Reli ni kazi ya serikali ya kitaifa kwa mujibu wa Katiba, lakini taa za barabarani, maegesho na vituo vya magari ni kazi ya kaunti. Kisumu ilionyesha inaweza, ilipotengeneza njia za waenda kwa miguu katikati ya jiji kabla ya mkutano wa Africities wa Mei 2022. Njia kama hizo zinahitajika kutoka stesheni ya Kisumu hadi soko la Jubilee na barabara ya Oginga Odinga, na kutoka Kibos hadi Mamboleo.

Kuna deni moja ambalo haliwezi kurukwa. Februari 2021, reli ikifufuliwa, nyumba za jamii ya Wanubi wa Kibos zilibomolewa na maelfu ya watu wakaachwa bila makao katika kipindi cha korona. Waliishi hapo kwa vizazi. Huduma inayotajwa kuwa ya umma na ya mazingira haiwezi kuanza kwa kuwasahau walioumia njia ilipofunguliwa. Walipwe haki yao, na treni isimame Kibos kwa manufaa yao pia.

Wakazi wa ziwani hawana sababu ya kuona mazingira kama somo la mbali. Mei 2020 ziwa lilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimewahi kurekodiwa, na 2024 likakipita. Mto Nyando, unaopita Muhoroni, hufurika Ahero na Kano na kufukuza familia makwao. Si treni ya Muhoroni itakayozuia mafuriko hayo, lakini kaunti inayodai haki ya hali ya hewa kwenye mikutano ya kimataifa inajipa nguvu ikiwa yenyewe imetumia reli iliyonayo.

Shirika la Reli la Kenya lianze na majaribio ya mwaka mmoja, kwa treni ndogo za aina inayotumika Nairobi, na litangaze idadi ya abiria kila mwezi ili wananchi wapime wenyewe. Serikali ya Kaunti ya Kisumu iweke taa, vyoo na maegesho ya boda boda katika kila stesheni. Hospitali, vyuo na viwanda vya ukanda huu vijadiliane na shirika hilo kuhusu tikiti za mwezi za wafanyakazi wao. Na wakazi wa Muhoroni, Chemelil na Miwani wasikae wakisubiri: wahudhurie vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti, wamwandikie mbunge na mwakilishi wadi wao, na wadai bila kuzungushwa treni ya asubuhi na treni ya jioni, kila siku ya kazi.